Chambo kikiwa bado kinaning'inia dukani, ni mali ya nani?

SWALI: Assalaamu alaikum warahmatullah, sheikh wangu. Mimi ni fundi wa vyambo bandia vya kuvulia samaki kwa mshipi. Nachonga mti, napiga msasa, natia ndoana, napaka rangi, na mkiani nafunga manyoya ya ndege. Sina duka, kwa hiyo napeleka kwenye maduka ya zana za uvuvi kwa mali kauli: wanaviweka, vikiuzika wananipa changu, visipouzika navichukua. Mwenye duka mmoja nimegundua anauza kwa bei ya juu kuliko tuliyokubaliana na ziada anaitia mfukoni. Nilipomuuliza akanijibu, "Wewe si umepata chako?" Mwingine nilimwachia boksi la vyambo 40 ili avitundike, akaliacha sakafuni stoo, mvua ikanyesha, ndoana zikaota kutu. Paa hilo linavuja siku nyingi na mwenyewe anajua. Anasema hasara ni yangu kwa sababu mali ni yangu. Juu ya hayo, ndugu mmoja msikitini kaniambia kazi yenyewe ni haramu, kwani nachonga samaki mwenye macho na namdanganya kiumbe wa Mungu. Naomba unitoe wasiwasi.

JIBU: Waalaikumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Alhamdulillah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Kile chambo ulichoniachia nilikishika bila hadhari, ndoana ikanichoma kidole gumba, basi kuhusu ukali wake sina swali. Nikakitia kwenye karai la maji nikakivuta kwa uzi. Kile kiulimi cha plastiki ulichopachika chini ya kidevu kikakizamisha, mkia ukaanza kucheza kulia na kushoto kama samaki mdogo aliyejeruhiwa. Nimekaa nacho muda mrefu kuliko ilivyostahili mtu wa umri wangu. Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi ya Miqdam aliyoipokea Bukhari, kwamba hakuna aliyekula chakula bora kuliko anachokula kutokana na kazi ya mikono yake, na kwamba Nabii Daud (a.s.) alikuwa akila kutokana na kazi ya mikono yake.

Nianze na huyo ndugu wa msikitini, maana la kwake ni fupi. Kumdanganya samaki si ghushi. Ghushi huwa baina ya watu wawili wanaouziana, na samaki hakuja dukani kununua kitu. Mwenyezi Mungu ametuhalalishia mawindo ya baharini katika Suratul Maida, aya ya 96, na mawindo tangu zamani hayapatikani bila mtego, wavu au chambo. Pengine amechanganya na kisa cha watu wa mji wa kando ya bahari katika Suratul Aaraf, aya ya 163, waliokatazwa kuvua siku ya Sabato. Wafasiri wanasimulia kwamba walitega siku moja kabla ya Sabato, wakaja kuchukua siku moja baada yake. Lakini hila waliyoadhibiwa kwayo ni ile waliyoifanyia amri ya Mola wao. Samaki wenyewe hawakutajwa kuwa wamedhulumiwa.

La macho lina uzito zaidi, na sitalipitia juu juu. Mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (r.a.), sahaba wa Mtume, akamwambia: mimi riziki yangu ni kazi ya mikono yangu, nami hutengeneza sura hizi. Ibn Abbas akamsomea aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.) kuhusu adhabu ya mwenye kutengeneza sura. Yule mtu akashusha pumzi kwa nguvu, uso ukamgeuka manjano. Ibn Abbas akamwambia: kama huna budi, basi shika miti hii na kila kisichokuwa na roho. Kisa hiki kimo katika Bukhari, na kila nikikisoma namwonea huruma yule fundi. Wanazuoni wengi wamekataza sanamu kamili ya chenye roho. Wametoa katika katazo hilo vitu kama vitoto vya kuchezea alivyokuwa navyo Bibi Aisha (r.a.), na wengi wamekuwa wepesi kwa sura inayotwezwa, inayokaliwa au kukanyagwa, tofauti na inayotundikwa kwa kutukuzwa. Chambo kinaburutwa majini na kung'atwa, hakuna anayekitukuza. Mimi naelekea kwenye wepesi. Ila kwa kuwa unataka kulala bila wasiwasi, toka kabisa katika hitilafu: acha kuchonga mashavu, mdomo na magamba mpaka mtu adhani ni samaki aliyekaushwa. Baki na umbo refu lenye mng'aro na doa la rangi pale kwenye jicho. Wavuvi niliowauliza wananiambia kinachomvuta samaki ni mtikisiko na mwanga, hakai akihesabu magamba.

Manyoya yawe ya ndege anayeliwa na aliyechinjwa kisheria. Ya mzoga, kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ni najisi, na najisi haiuzwi. Wengine, kama Hanafi na Maliki, wameona manyoya ya mzoga si najisi. Lakini kuku wanachinjwa kila siku, huna sababu ya kuingia huko.

Sasa tuje kwenye duka, na hapa ndipo penye ugonjwa.

Neno mali kauli limebeba mikataba miwili ndani ya mfuko mmoja, na ninyi hamkuambiana mmeshika upi. Wa kwanza ni uwakala. Mali inabaki yako, mwenye duka anauza kwa niaba yako, na anapata ujira kwa kazi yake. Wa pili ni mauzo ya mkopo. Umemuuzia yeye, vyambo vimekuwa vyake tangu alipovipokea, na wewe unamdai bei. Ukitaka kujua mmeshika upi, jiulize: chambo kikiwa bado kinaning'inia ukutani kwake, hakijanunuliwa na mtu, ni cha nani?

Kama ni chake, basi auze kwa bei anayotaka, hata mara tatu, hakuna haki yako iliyoguswa. Lakini kikiibiwa, kikiungua, kikikaa mwaka mzima bila mnunuzi, ni juu yake, na deni lako liko palepale. Hana haki ya kukurudishia visivyouzika, isipokuwa ukubali kwa hiari yako mvunje mauzo, na kumkubalia ni jambo lenye thawabu. Pia muda wa kulipa lazima ujulikane. "Nitakulipa nikiuza" si muda. Hakuna ajuaye atauza lini. Semeni mwisho wa mwezi fulani, na muandike, kama ilivyoamrishwa katika aya ya deni, Suratul Baqara aya ya 282.

Na kama ni chako, mambo yote yanageuka. Yeye ni wakala na mkono wake ni mkono wa amana. Kikipotea bila uzembe wake, umepotelewa wewe. Visivyouzika vinarudi kwako bila ugomvi. Na bei yote inayopatikana ni yako, isipokuwa ujira mliopatana.

Wenye maduka wengi wanataka kuchuma kwenye miti yote miwili. Ikija faida wanasema mali ni yetu, ikija hasara wanasema mali ni yako. Hilo ndilo Mtume (s.a.w.) alilolifunga aliposema, katika hadithi ya Bibi Aisha waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, kwamba manufaa huenda pamoja na dhamana. Asiyebeba hasara ya mali hawezi kudai faida yake.

Kwa maelezo yako ya kwamba visipouzika unavichukua, mkataba wenu ni uwakala. Kwa hiyo yule wa kwanza, anayeuza kwa bei ya juu na kuficha ziada, amekula kisicho chake. Tazama kisa cha Urwa al-Bariqi (r.a.). Mtume (s.a.w.) alimpa dinari moja amnunulie kondoo. Akanunua wawili kwa dinari ile, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari yake. Hakusema "wewe si umepata kondoo wako?" Alivileta vyote viwili, akaombewa baraka katika biashara yake, na Bukhari anasimulia kwamba hata angenunua udongo angepata faida.

Mwenye duka anaweza kutetea: lakini Ibn Abbas kasema si vibaya mtu kumwambia mwenzake, uza nguo hii, kitakachozidi kiasi fulani ni chako. Ni kweli, Bukhari ameitaja kauli hiyo katika mlango wa ujira wa dalali, na Imamu Ahmad ameishika. Lakini angalia: hayo ni maneno yanayosemwa mwanzo, na mwenye mali ndiye anayeyasema. Nyinyi hamkusema. Isitoshe, wanazuoni wengi hawakuipenda sura hiyo, kwa kuwa ujira haujulikani, pengine hapati hata senti. Asilimia ya mauzo wanazuoni wengi wa leo wameiruhusu, nami siipingi, ila kwa mtu kama wewe njia safi kuliko zote ni kiasi maalumu kwa kila chambo kinachouzwa. Mwambie: bei ya rafuni iwe hii, ujira wako huu, kilichobaki changu. Kila mtu anajua chake hata kabla mnunuzi hajaingia. Ziada ya nyuma mdai, au msamehe ukitaka, lakini usimsamehe kwa kuogopa kwamba atatoa vyambo vyako ukutani.

Zaka nayo inafuata jibu lilelile. Vilivyoko madukani ni vyako, basi mwaka ukitimia vihesabu kwa bei ya kuuzia siku hiyo, pamoja na mbao, rangi na ndoana ulizonunua zigeuke bidhaa, na fedha zilizoko kwa wenye maduka unazotarajia kuzipata. Patasi, msumeno na vyombo vya kazi havihesabiwi. Thamani ikifika nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, nacho ni gramu 85 za dhahabu, toa asilimia 2.5. Najua mafundi wanaohesabu kilichoko nyumbani tu na kusahau kilichoko kwa watu.

Umegusia pia kwa mdomo, uliponiletea kile chambo, kwamba mwenye duka mmoja anakushawishi ubandike nembo ya kampuni kubwa ili viende haraka. Usithubutu. Huo ni uongo kwa mnunuzi na ni kula haki ya mwenye jina. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha tano mwaka 1988, lilipitisha kwamba jina la biashara, nembo na uvumbuzi ni haki za wenyewe zinazolindwa kisheria. Bandika jina lako.

Limebaki boksi. Wakala hadhamini hasara isiyotokana naye, na kauli yake hukubaliwa kwa kiapo, ndiyo maana neno la mwenye duka yule wa pili kwamba mali ni yako ni sahihi kwa nusu. Nusu aliyoiacha ni hii: amana hupotea hadhi yake pale mwenye kuishika anapozembea au kuvuka alichoagizwa. Ulimwambia avitundike, akaviacha sakafuni. Anajua paa linavuja, akaviweka chini yake. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa, nami nimesikia upande mmoja tu, basi analipa. Mwendeeni mtu anayeaminika kwenu wote wawili, naye asikie maneno yake kabla ya kumtoza.

Lakini asilipe vyambo 40. Mti haukuoza na rangi yako imestahimili, kilichoharibika ni ndoana. Anadaiwa upungufu wa thamani, na kwa hesabu ya fundi hiyo ni bei ya ndoana mpya na kazi ya kuzibadilisha.

Na ulininong'oneza kwamba kutu ikisuguliwa kwa msasa na kupakwa rangi ya fedha haionekani. Mtume (s.a.w.) alipita kwenye rundo la chakula sokoni, akaingiza mkono ndani, vidole vikatoka na majimaji. Akauliza, "Nini hiki, mwenye chakula?" Akajibiwa kimenyeshewa na mvua. Akasema, "Kwa nini hukukiweka juu watu wakakiona? Anayeghushi si katika mimi." Ameipokea Muslim. Ndoana yenye kutu chini ya rangi itakatika mdomoni mwa samaki, na mvuvi atarudi mikono mitupu akidhani ni bahati yake. Ama ubadilishe zote, ama viuze kwa bei ya chini, boksi likae wazi, na kikaratasi juu yake kiseme ndoana zimelowa.

Wallahu aalam.