Malkia wa mwaka usiotimia

Mmeuliza wiki hii: ni mwanamke gani wa ukoo wa kifalme aliyeishi uhamishoni ambaye wasomaji wanapaswa kumjua zaidi? Wengi watamtaja Bibi Salme wa Unguja, na wana haki. Mimi namtaja Geraldine wa Albania, kwa sababu kila nikisoma habari za mumewe, Mfalme Zog, bibi huyu husifiwa uzuri wake kisha anaachwa hapo.

Alizaliwa Budapest mwaka 1915, baba mtu wa ukoo mkubwa wa Hungaria, mama Mmarekani. Kuhama alikuzoea utotoni: dola ya Austria na Hungaria ilipoanguka mwaka 1918, familia ilikimbilia Uswisi. Baba akafariki mapema, mali ikayeyuka, na binti akaishia kuuza kadi za posta katika jumba la makumbusho Budapest. Tarehe 27 Aprili 1938 aliolewa Tirana, yeye Mkatoliki, bwana Mwislamu.

Mwana wao, Leka, alizaliwa tarehe 5 Aprili 1939. Tarehe 7, siku ya Ijumaa Kuu, majeshi ya Mussolini, mtawala wa Italia, yakashuka Durrës, bandari ya Albania. Kwetu mzazi wa siku mbili hatoki hata uani. Anakandwa, anapikiwa uji, anangoja arobaini yake. Geraldine alipitishwa njia za milimani hadi Ugiriki na kichanga chake, na tangu siku hiyo hakuikanyaga tena Albania kwa miaka 63. Umalkia wenyewe haukuwa umetimiza mwaka.

Sisemi alilala hemani. Vita vilipowafikisha Uingereza mwaka 1940, walianzia hoteli ya Ritz, London, kisha wakahamia jumba la Parmoor, Buckinghamshire, pamoja na dada zake Zog na msafara mzima. Waalbania waliobaki chini ya Enver Hoxha, mtawala wa kikomunisti aliyekuja baada ya vita, walionja machungu makubwa zaidi ya hayo. Lakini mgeni hula kwa bahati ya mwenyeji. Mfalme Farouk aliwapokea Misri mwaka 1946. Alipopinduliwa mwaka 1952 hifadhi yao ikayumba, na mwaka 1955 wakaondoka kwenda Ufaransa. Huko Zog akafariki mwaka 1961, naye Geraldine akawa mjane akiwa na miaka 45.

Baadaye aliishi Hispania, kisha akawa na mwanawe Afrika Kusini, baada ya Leka kutakiwa kuondoka Hispania mwaka 1979 na kupitia Rhodesia. Bara letu, basi, lilimhifadhi mara mbili. Inaniuma kwamba mara hii ya pili waliofungua mlango ni watawala wa ubaguzi wa rangi, waliowafungia wenyeji wa nchi mlango huohuo. Habari zake zikisimuliwa, jambo hili lisifichwe.

Ninachomheshimia zaidi ni namna alivyorudi. Mwaka 1997 Waalbania walipiga kura ya maoni, na takriban theluthi mbili wakaukataa ufalme. Geraldine alirudi hata hivyo, Juni 2002, akiwa na miaka 86, akijua hakuna kiti kinachomngoja. Alifariki Tirana tarehe 22 Oktoba mwaka huohuo. Mjukuu wake, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1982, alikuja kuajiriwa katika wizara ya mambo ya nje ya Albania, mtumishi wa jamhuri ileile iliyoukataa ufalme wa babu yake.