Bei ya kakao ilipopaa, kwa nini mkulima wa Ghana hakuipata?

SWALI: Ndugu mtaalamu, mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha msingi wilayani Kyela, Tanzania, na kakao yetu tunaiuza kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani, yaani mkulima huweka mzigo ghalani na kupewa hati hadi utakapouzwa. Mwaka 2024 bei ya dunia ilivunja rekodi, lakini nasikia wakulima wa Ghana, nchi iliyozoeleka kushika nafasi ya pili kwa uzalishaji nyuma ya Ivory Coast, walilalamika kuwa fedha hiyo haikuwafikia. Bodi yao husifiwa kwa kumlinda mkulima. Imekuwaje?

JIBU: Ndugu katibu, sehemu kubwa ya kakao hiyo ilikuwa imeshauzwa kabla bei haijapanda. Mengine yote yanatokana na hilo.

Nchini Ghana, kampuni zenye leseni hununua kakao vijijini kwa bei inayotangazwa na serikali, magunia ya kilo 64, kisha huikabidhi kwa bodi ya kakao, COCOBOD, ambayo asili yake ni bodi ya masoko iliyoundwa mwaka 1947. Kwa miaka mingi bodi haikusubiri mavuno ndipo itafute mnunuzi. Miezi kadhaa kabla ya msimu iliuza nje zaidi ya nusu ya kakao iliyotarajiwa, kwa mikataba yenye bei maalumu. Mikataba hiyo iliiwezesha kupanga bei moja ya msimu mzima, ili anayevuna mapema na anayechelewa walipwe sawa. Zaidi ya hapo, kwa takriban miaka thelathini mikataba hiyohiyo ilikuwa dhamana ya mkopo wa kila mwaka kutoka mabenki ya nje, ambao mara nyingi ulizidi dola bilioni 1, na fedha hizo ndizo zilizotumika kununulia kakao vijijini. Kwa nchi ambayo kaya zipatazo 800,000 hulima zao hili, mkopo huo uliingiza pia fedha za kigeni zilizosaidia kuituliza sidi, sarafu ya Ghana.

Mpango huu una sharti moja lisilokwepeka, nalo ni kwamba tani zilizouzwa lazima zipatikane. Msimu wa 2020/21 Ghana ilivuna zaidi ya tani milioni 1, ilhali msimu wa 2023/24 ilipata takriban tani 530,000. Hali ya hewa ilichangia, na wachimbaji haramu wa dhahabu wamegeuza mashamba kuwa mashimo, lakini mimi naupa uzito mkubwa ugonjwa wa virusi unaovimbisha machipukizi. Huenezwa na wadudu wadogo weupe, wanaoonekana kana kwamba wamepakwa unga, ambao hufyonza utomvu. Jani changa huonyesha mishipa myekundu, kijiti huvimba, na mti hudhoofika hadi kufa katika miaka michache. Ugonjwa huu hauna dawa, mti hung'olewa pamoja na majirani zake, na mche mpya huchukua miaka mitatu au zaidi kuzaa. Mkulima anayeona mti wake ungali na maganda kadhaa huona uchungu kuukata, na wala simlaumu, lakini kila mti unaoachwa huambukiza mingine.

Basi zaidi ya tani 300,000 zilizokwisha kuuzwa hazikupatikana, zikasogezwa msimu uliofuata kwa bei yake ya zamani, takriban dola 2,600 kwa tani. Aprili 2024 serikali ilipandisha bei ya mkulima katikati ya msimu hadi sidi 33,120 kwa tani, yaani sidi 2,070 kwa gunia. Hiyo ilikaribia dola 2,500, wakati soko la New York lilikuwa limevuka dola 10,000. Aliyeishi karibu na mpaka wa Togo au Ivory Coast aliona jirani analipwa zaidi, na kakao ikavuka kwa magendo, jambo lililozidi kupunguza tani za kutimiza mikataba. Kwa kuwa nchi ilikuwa imesimamisha malipo ya sehemu kubwa ya madeni yake ya nje mwishoni mwa 2022, mikopo nayo ilikuwa migumu, na msimu wa 2024/25 bodi iliendelea bila ule mkopo wa kila mwaka.

Sikubaliani na wanaosema kuuza kabla ya mavuno ni kosa lenyewe. Mwaka 2025 bei ya dunia ilishuka hadi chini ya nusu ya kilele chake, na katika mwaka wa namna hiyo aliyefunga mkataba mapema ndiye mwenye nafuu. Kosa lilikuwa kuahidi tani kwa kutazama mavuno ya miaka iliyopita badala ya hali halisi ya miti shambani.

Mnada wenu hufuata soko likipanda na likishuka, kwa hiyo msiba wa Ghana haukuwa rahisi kuwapata. Ikitokea kampuni ikawaletea mkataba wa bei ya mbele, yaani bei inayokubaliwa kabla ya mavuno, hesabuni kwanza maganda mtini katika mashamba machache ya mfano kila kata, mkadirie kilo za kakao kavu, kisha msiahidi zaidi ya theluthi moja ya makadirio hayo. Kwenye mkataba andikeni wazi kitakachofanyika mavuno yakipungua: nani atabeba tofauti ya bei, na je, kilo zilizokosekana zitafutwa au zitasogezwa msimu ujao.