Kisukari cha mama na tabibu wa Ayurveda

Ndugu, umeuliza kama mama yako aache vidonge vya kisukari akishafika kwa tabibu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, huko Kerala, India. Tafadhali asiviache. Tabibu huyo, aitwaye vaidya, ataweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wake asikilize mapigo, kisha atamuuliza kwa kirefu juu ya usingizi, choo, saa za kula na mambo yanayomkosesha raha, kwa kuwa anaamini maradhi hutokana na kuvurugika kwa vata, pitta na kapha, yaani nguvu tatu ambazo Ayurveda husema zinauendesha mwili. Mlo uliopangwa na mazoezi atakayompa vinaweza kweli kushusha sukari. Hata uwatu huishusha, ndiyo maana ukichanganywa na vidonge lazima mama apime sukari mara kwa mara, isije ikashuka mno. Baadhi ya dawa zao zina zebaki au risasi, hizo azikatae.