Kikatla si Kinubi

Je, Kikatla, lugha ya Wakatla wa Sudan, ni Kinubi, yaani moja ya lugha za Wanubi wa Sudan na Misri? Hapana, Kikatla si Kinubi, ingawa Wakatla wanaishi Milima ya Nuba, Kordofan Kusini. Lugha iliyo ndugu yake wa karibu ni Kitima. Mwanaisimu Greenberg mwaka 1963 aliziweka zote mbili kwenye kundi la Kordofani, ndani ya familia kubwa aliyoiita Kongo-Kordofani, ambamo Kiswahili nacho kimo. Kigezo kikubwa cha kundi hilo ni ngeli: umoja na wingi huonyeshwa kwa kubadili kiambishi cha mwanzo cha nomino, kama kitu/vitu. Ila wapo wataalamu wanaokiona Kikatla na Kitima kama familia ndogo ya peke yake. Kinubi cha Kibera nacho msikichanganye humo, hicho ni krioli ya Kiarabu, yaani lugha mpya iliyozaliwa kwa mchanganyiko wa Kiarabu na lugha nyingine.