Kilo ni zile zile ila mgongo umeanza kuchongoka

SWALI: Habari dokta. Nina mbwa jemani shepadi dume wa miaka 9, analinda hapa nyumbani. Mwaka jana alipimwa kilo 34, juzi tena 34. Ila nikimpapasa mgongo nagusa mifupa, na tumbo limekuwa kubwa. Jirani anasema kakonda niongeze ugali, mke wangu anasema kanenepa nipunguze. Nani yuko sahihi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Wote wawili wameona kitu cha kweli, ila mafuta yanapimwa kivyake na misuli kivyake, mizani haitenganishi. Mbwa anaweza kupoteza kilo 2 za msuli akaongeza 2 za mafuta na bado ikasoma 34.

Mafuta anza na mbavu, tena kwa mikono, maana manyoya ya jemani yanadanganya macho. Kunja ngumi upapase vifundo vyake, mbavu zikiwa hivyo mbwa kakonda. Nyoosha mkono upapase mgongo wa kiganja, hivyo ndo inavyotakiwa. Zikiwa kama kiganja kwa ndani, mpaka ukandamize ndo uzipate, kazidi. Sisi madaktari wa mifugo tunampa maksi za mafuta 1 hadi 9, nzuri ni 4 au 5, na kila maksi juu ya 5 ni kama uzito uliozidi kwa asilimia 10.

Msuli sasa, huku ndo watu wengi hawagusi kabisa. Pitisha vidole pande zote mbili za uti wa mgongo, kuanzia mbavu zinapoishia kwenda nyuma, panatakiwa pawe pamejaa nyama, ukikuta pamebonyea na mfupa umesimama basi msuli umepungua. Gusa pia mabega, nyonga na juu ya kichwa pembeni.

Kwa miaka 9 msuli kupungua kidogo inatokea, hasa kama viungo vinamuuma na hatembei. Ila mgongo kuisha huku tumbo linajaa, hapana, hiyo usiiite uzee tu. Kuna ugonjwa wa Cushing, homoni ya kotisoli (cortisol) inazidi mwilini, mbwa anakunywa maji sana, anakojoa sana, anakula kama hashibi. Na dawa za kutuliza kuwashwa kama prednisolone zikitumika muda mrefu zinaleta hali hiyo hiyo, kwa hiyo kama anatumia mwambie daktari, usizikatishe ghafla mwenyewe, ni hatari. Tumbo linaweza pia kuwa maji, na hiyo inataka vipimo.

Ugali usiongeze, utaongeza mafuta tu. Wala usimnyime chakula, msuli unahitaji protini, dagaa wasio na chumvi, mayai ya kuchemsha, nyama, huku ukipunguza ugali. Mpeleke wiki hii apimwe damu na mkojo. Ila ukiona fizi zimepauka, anahema kwa shida au tumbo limevimba ghafla, usingoje kesho, mpeleke saa hiyo hiyo.