Harufu ya gunia la juti inatoka wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimepewa magunia ya juti yaliyowahi kubeba kahawa. Nimeyaanika juani siku nyingi, bado yananuka mafuta ya mashine. Harufu hii ni ya nini? Naweza kuhifadhia maharage, au niyafanyie nini?

JIBU: Ndugu yangu, kahawa haihusiki. Gunia lilitoka kiwandani na harufu hiyo.

Juti ni zao la Bengal, kwenye tambarare za mito Ganges na Brahmaputra, Bangladesh na mashariki mwa India. Mabua marefu kuliko mtu hukatwa, hufungwa matita na kulowekwa wiki mbili au tatu mpaka ganda lilegee. Ndipo wakulima husimama majini wakichuna nyuzi kwa mkono. Kazi nzito hiyo, na wanaolalia magunia hawaijui. Nyuzi zinatoka ndefu, zinang'aa, lakini kavu. Watu wa Bengal walizisokota kwa mikono tangu zamani. Mashine za Dundee, Scotland, ndizo zilizoshindwa, nyuzi zikikatika ovyo. Katika miaka ya 1830 wenye viwanda wakaona kwamba zikinyunyiziwa maji na mafuta ya nyangumi zinalainika. Dundee ilikuwa bandari ya wavua nyangumi, kwa hiyo mafuta yalikuwa mlangoni. Vita vya Crimea (1853–1856) vilipobana kitani cha Urusi, juti ikashika soko, na mwaka 1855 mashine za kuisokota zikafungwa Rishra, karibu na Calcutta, palepale inapolimwa. Baadaye mafuta ya nyangumi yakaachwa, yakatumika yatokanayo na mafuta ghafi yachimbwayo ardhini. Hayo ndiyo unayoyanusa.

Maharage usiweke, tafadhali. Mafuta hayo huhamia kwenye chakula, ndiyo maana siku hizi magunia ya kahawa na kakao yanatakiwa kusokotwa kwa mafuta ya mimea. Ya zamani yaache na kazi nyingine.

Na acha kuyaanika, jua linaila juti. Chomoa uzi mmoja ukingoni uuvute: ukikatika kirahisi, gunia limechoka.

Lililo zima mimi ningelitia kwenye kiti. Fumua mishono, litandaze juu ya springi, livute likaze bila kuzibana. Piga safu ya kwanza ya misumari midogo, kunja ukingo uurudishe juu ya misumari hiyo, kisha piga safu ya pili. Usiporudisha ukingo, nyuzi zitachomoka moja moja kila mtu anapokaa, na katikati patabonyea. Mwisho shona kila springi kwenye gunia kwa kamba nyembamba imara, zisihame. Hapo pamba au nyuzi za nazi zitakaa juu yake miaka mingi.

Lililochoka likate vipande ufungie mizizi ya miche ya miti unapoihamisha. Fukia pamoja na gunia lake. Litaoza lenyewe, na mizizi itapenya.