Shangazi, mwenye sifuri atamfundisha nani?

*Shangazi, mbukwenyi. Nina miaka 31, mzaliwa wa Kibaigwa, sasa naishi Chang'ombe hapa Dodoma mjini na mume wangu na watoto wawili. Nashona kwenye duka la mama mmoja karibu na soko la Majengo, hasa sare za shule, na nalipwa kwa kipande. Kanisani kwetu kuna cherehani tatu za kukanyaga zilizoletwa na wafadhili, zimefunikwa turubai stoo. Mchungaji na mama mchungaji wameniomba niwafundishe kushona mabinti waliokwama nyumbani baada ya shule. Shangazi, jambo hilo naliota tangu zamani, nahisi ndilo Mungu aliloniumbia. Lakini kila wakiniomba nasema bado sijawa tayari.*

*Mimi ni wale wa kidato cha nne mwaka 2012. Nilipata sifuri, na hata waliporekebisha matokeo nilibaki na sifuri yangu. Kaka yangu mkubwa ni mwalimu. Pasaka hii, aliposikia habari ya darasa, alicheka mbele ya wajomba na mashemeji akasema, "Mwenye sifuri atamfundisha nani?" Nimefunga, nimeomba hofu iondoke, haiondoki. Nikifikiria kusimama mbele ya wale mabinti viganja vinalowa jasho. Mchungaji anasema mwenye imani hana hofu. Je, Mungu ananiambia nisiende? Au imani yangu ndiyo ndogo?*

*Sifuri wa Chang'ombe*

Mbukwa, mwanangu. Jina ulilojipa mwishoni mwa barua sitalitumia. Nitakuita Fundi, maana bila shaka ndivyo wateja wa Majengo wanavyokuita wakija kuulizia sketi zao.

Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Hapana, Fundi, jasho la viganja si ujumbe kutoka mbinguni. Kumbuka siku ya kwanza ulipokabidhiwa kitambaa cha bei cha mteja, ukashika mkasi, na ukajua ukikosea hakuna cha kurudisha. Mkono ulitetemeka au haukutetemeka? Ulitetemeka, ukakata. Hukusema Mungu amekukataza mkasi. Mwili hutetemeka mbele ya jambo tunalolijali, basi, na wala haujui kama jambo hilo ni wito au ni balaa. Ukiuuliza mwili mapenzi ya Mungu, unauliza asiyejua.

Kuhusu neno la mchungaji wako, kwa heshima zake zote, hapo sikubaliani naye. Akafungue kitabu cha Kutoka kwenye Biblia, sura ya tatu na ya nne, asome upya habari za Musa. Musa anaitwa, anaanza visingizio: mimi ni nani, hawataniamini, ulimi wangu mzito, na mwisho anaomba atumwe mtu mwingine. Hapo hata Mungu anakasirika. Lakini anampa nini? Hatusomi kwamba ulimi ulilainika palepale kichakani wala kwamba hofu ilimtoka. Anapewa Haruni, kaka yake, awe msemaji, kisha anaambiwa aende. Wasomaji wangu Waislamu wanalijua hili kwa Sura Twaha, ambako Musa anaomba akunjuliwe kifua, arahisishiwe kazi yake, fundo la ulimi lifunguliwe, na apewe Haruni nduguye awe msaidizi. Katika habari zote mbili mtume mkubwa anahitaji mtu wa kumshika mkono, na haambiwi kwamba kwa kuhitaji msaidizi hana imani.

Kwa hiyo maombi yako yana kasoro moja ndogo. Umekuwa ukiomba hofu iondoke ndipo uende. Omba uende nayo. Na omba Haruni, ingawa kwa nijuavyo mimi umeshapewa: ni mama mchungaji. Nitarudi kwake.

Sasa hiyo sifuri. Kizazi chako kimebeba mzigo ambao watu wamesahau ulivyokuwa, kwa hiyo niwakumbushe wanaosoma. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa nchi nzima walikuwa na sifuri. Taifa lilishtuka, ikaundwa tume, na mwezi Mei tangazo likasomwa bungeni, hapahapa Dodoma, kwamba matokeo yale yamefutwa na yatapangwa upya. Hakuna mtoto aliyerudi chumba cha mtihani. Wino ulikuwa uleule, majibu yaleyale, ila wapo waliolala na sifuri wakaamka na daraja la nne. Wewe hukuamka nalo, najua, na sitakudanganya kwamba ulifaulu. Hukufaulu. Lakini ona ni kitu gani hicho unachokitumia kujipimia hadi leo: mizani ambayo wenyewe waliigeuza ndani ya miezi mitatu. Na hata ingekuwa mizani ya haki kabisa, ilipima hesabu, baiolojia na uraia wa binti wa shule ya sekondari. Hakuna karatasi iliyouliza jinsi ya kupanga marinda yasipishane kwenye kiuno cha mtoto mnene.

Kaka yako ni mwalimu, na walimu wetu wengi wamezoea kuona watu kwa madaraja. Ni ugonjwa wa kazi, kama mgongo ulivyo kwenu mafundi. Kinachonishangaza ni kwamba alilitamka neno lile siku moja tu ya Pasaka, ila wewe umelitamka tangu 2013, na umelichagua mwenyewe kuwa sahihi ya barua.

Niseme jambo ambalo waandishi wa mambo ya kujiamini hawalipendi. Si kila shaka ni adui. Wewe ni mtu wa wilaya ya Kongwa, habari ya karanga umeisikia kwa wazee. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walikuja na mpango wa kufyeka mamilioni ya ekari za pori letu na kulima karanga kwa matrekta, Kongwa wakaifanya kituo cha kwanza mwaka 1947. Fedha walikuwa nazo, vyeti walikuwa navyo, na kujiamini kulikuwa kumejaa mpaka kunamwagika. Mizizi ikavunja mashine. Kiangazi udongo ukakaza ukazikatalia plau, na karanga zilizoota zikanasa ardhini. Mvua nayo ikafanya kama inavyofanya Ugogo siku zote. Mwaka 1951 mradi ukafutwa. Wazee wa pale walikuwa wanalima mtama na uwele kwa sababu walikwisha kuijua mvua ya kwao, lakini wenye matrekta hawakuwa na shaka yoyote ya kuwafanya waulize.

Kwa hiyo sitaki uondoe mashaka yote. Nataka uyachambue. Chukua daftari usiku mmoja, watoto wakishalala, uandike kila kinachokuambia usiende. Utaona yamejigawa yenyewe. "Nitaanza kuwafundisha nini?" "Nani atanunua nyuzi?" "Binti akivunja sindano au akaja na utovu wa nidhamu nitafanyaje?" Hayo ni maswali, na swali lina jibu, hata kama ni jibu la kwenda kuuliza kwa mwingine. Halafu utakuta lile jingine: "Mimi ni sifuri." Hilo si swali, ni hukumu. Miaka yote hii umeshona sare ambazo watoto wa mji huu wamevaa mpaka zikapauka, na hukumu haijapungua hata kidogo, kwa sababu haikuwa inaulizia kushona. Usipoteze nguvu kuijibu. Maswali ndiyo ya kushughulikia.

Mwanasaikolojia Albert Bandura, Mkanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, aliandika mwaka 1977 kuhusu mahali mtu anapopata imani kwamba jambo fulani analiweza. Alitaja kutiwa moyo kwa maneno, alitaja kuona wenzako wakifanya, alitaja hata namna tunavyosoma mapigo ya moyo wetu. Lakini chanzo chenye nguvu kuliko vyote, alisema, ni kulifanya jambo lenyewe na kuona limefanyika. Wewe umekuwa ukingoja kujiamini kuje kwanza. Hakuji hivyo. Kunakuja Jumamosi ya pili au ya tatu, binti akikuonyesha pindo lililonyooka ambalo juzi hakuliweza.

Basi tufanye hivi. Usianze na darasa zima. Mwambie mama mchungaji akupe mabinti wawili tu. Yeye ndiye Haruni wako: aite majina, atunze daftari la mahudhurio na la fedha, azungumze na wazazi, aanze kwa sala na maneno machache. Hayo ya kusimama mbele ya watu mwachie, anayapenda. Wewe kaa kwenye kiti kando ya cherehani, mahali unapopajua. Ufundi hufundishwa bega kwa bega; hakuna aliyesema lazima usimame ubaoni kama kaka yako.

Kabla ya hapo fungueni turubai mzione hizo mashine. Zilizokaa muda mrefu mikanda hukauka ikakatika na mafuta hugeuka gundi. Zisafishe, zitie mafuta ya cherehani, badilisha sindano. Na hiyo iwe sehemu ya somo, kwa sababu fundi asiyejua kutunza mashine yake ataishia kumlipa mwingine. Siku za mwanzo wakanyage bila uzi, wakifuata mistari uliyochora kwenye karatasi, minyoofu kwanza, kisha iliyopinda. Miguu ikitulia, tia uzi, wapige pindo kwenye vipande ulivyobakiza dukani. Mkifika sketi ya shule, tayari mna kitu cha kuuza. Unaona? Swali la "nitaanza na nini" nimelijibu mimi nisiyejua hata kufuma kitambaa cha meza. Wewe ungelijibu vizuri zaidi.

Kama karatasi inakuuma sana, na naona inakuuma, njia zipo. Unaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Lakini kwa kazi yako ningeanza na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi; wana utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi kwa mafundi waliojifunzia kazini: wanakupima kwa kazi ya mikono yako, wanakuongezea pale penye pengo, unapata cheti. Nenda ofisini kwao hapa mjini uulize zamu ijayo ya ushonaji ni lini. Ila usiniandikie mwezi ujao kwamba unasubiri cheti ndipo uanze. Nitajua ni ile hukumu imevaa nguo nyingine.

Mkopo, hapana, si sasa. Ipo ile asilimia kumi ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na huko mbele, mabinti wakiiva, kikundi chenu kinaweza kuiomba. Lakini kausha damu, ile mikopo ya mitaani yenye riba kali, usiiguse hata kwa bei ya bobini moja.

Mumeo umemtaja mara moja tu, kwenye anwani. Anasemaje? Kama hujamuuliza, muulize wiki hii, maana Jumamosi zako ni Jumamosi zake pia, na atakayebaki na watoto ni yeye.

Kaka yako mkubwa usijibizane naye mbele za watu. Mtafute peke yake, umpe heshima yake, umwambie mara moja tu: "Kaka, neno la siku ile liliniumiza. Nakuomba usilirudie mbele ya mashemeji zangu." Akiomba radhi, vyema. Asipoomba, umeshasema, na darasa halimngojei.

Limebaki la fedha, ambalo hukuliuliza, na ndilo huwa linaua madarasa ya namna hii. Mchungaji atapenda iwe bure. Mabinti wasilipishwe ada, sawa, lakini wewe unalipwa kwa kipande, kwa hiyo kila Jumamosi utakayokuwa kanisani kuna sketi ambazo hazikushonwa na hela ambayo haikuingia nyumbani. Piga hesabu ya siku moja ya dukani, uwaambie kanisa wakufidie walau nusu yake, na nyuzi, sindano na mafuta viwe juu yao. Tena kubalianeni kwamba Desemba na Januari hakuna darasa, msimu wa sare ndio unaowalisha wanao. Haya yaandikwe kwenye lile daftari la mama mchungaji, mtie sahihi wote wawili, kabla hujamkalisha binti wa kwanza kwenye kiti. Na wewe kwenye sahihi andika jina lako, lile ulilopewa na wazazi.